Vita ikiwa mlangoni: jinsi ya kutumia musiki kushikilia akili yako na ya wenzako

Naandika hii kwanza kwa watu wa kwetu Kivu, mashariki ya Kongo, walio Goma, Bukavu, Uvira, Beni, Masisi, na wale waliovuka mpaka, ambao sasa wako kwenye kambi za wakimbizi, Nyarugusu kule Kigoma, Nakivale Uganda ao Kakuma Kenya. Lakini mtu yeyote anayelala huku masasi (risasi) yanalia anaweza kuitumia. Sio mambo ya wanamuziki, hauhitaji kujua gita wala kuwa na sauti tamu. Na niseme mapema ili tusidanganyane, musiki hausimamishi bomu, haujazi tumbo, haurudishi aliyekufa. Kazi yake ni ndogo kuliko hiyo ila ni kazi ya kweli, unashusha pumzi, unamtoa mtu kwenye upweke, unafungua machozi yaliyogoma kutoka, unampa mtoto usingizi. Mimi niko na korali ya watu mchanganyiko, wenyeji na wadeplase (waliohamishwa na vita), kwa hiyo mengi ya hapa chini ni vitu nilivyoona vikifanyika, sio vya kusoma tu.

Hatua ya 1: kabla hujabonyeza plei, fikiria usalama

Hii hatua watu wanairuka sababu wanaona musiki ni kitu cha raha tu. Wakati wa vita sauti inasafiri na inasema uko wapi.

Kama unasikiliza kwa simu, weka iafoni sikio moja tu, lile lingine liache wazi usikie kishindo, usikie mtu anayekuita, usikie jirani akisema tukimbie. Kama mko wengi mnaimba ndani, mtu mmoja asiimbe, akae karibu na mlango, mnabadilishana. Usiku punguza kabisa, na saa ile watu wenye silaha wanapita kwenye avenyi yenu hakuna kuimba, kuna kuguna kwa kifua tu ambako nitakueleza hatua ya 3.

Alafu angalia simu yako. Kwenye bariere, vile vizuizi vya barabarani, simu zinafunguliwa, kila mtu wa huku anajua. Wimbo wa kusifu upande fulani, wimbo wa kutukana upande mwingine, vidio za mapigano ambazo watu wanatumiana kwenye magrupu, futa zote, bakiza za dini, za mapenzi, za watoto. Tusijidanganye kwamba wimbo ni wimbo tu. Delcat Idengo, mwimbaji wetu wa Kivu ya Kaskazini aliyekuwa anaimba maneno makali juu ya hii vita, aliuawa kwa risasi Goma tarehe 13 Februari 2025, hata wiki tatu hazijaisha tangu waasi wa M23 waingie mjini. Sisemi watu waache kuimba ukweli, hapana, namheshimu mwenye kusimama. Nasema mama ambaye anataka tu kulaza watoto wake asibebe hatari ambayo hakuichagua.

Na lugha pia. Ukiwa sehemu ambayo haujaijua vizuri, imba Kiswahili ao Lingala kwanza. Wimbo wa kikabila ni mtamu na ndio unaogusa moyo kuliko zote, lakini unamwambia kila mpita njia wewe ni wa wapi. Uweke wa ndani mpaka mjuane.

Hatua ya 2: panga nyimbo kwa kazi yake, achana na kupanga kwa jina la mwimbaji

Fanya hii siku ambayo umeme upo na neti ipo, usingoje siku ya mabomu. Chukua memori kadi, weka nyimbo za sauti tu, vidio inakula chaji na nafasi bure. Ukisikiliza zima data, zima skrini, simu itakaa siku nyingi zaidi. Kama una karedio ka betri kaweke vizuri, neti ikikatwa kenyewe kataendelea kusema, na kuna wazee wanatulia tu kwa kusikia sauti ya mtangazaji waliyemzoea hata kama habari zenyewe mbaya.

Sasa zipange kwa mafungu. Fungu la kutuliza, hizi ni za polepole, vyombo vichache, maneno machache yanayorudiarudia. Kujua kama ni polepole ya kutosha piga makofi na wimbo huku unaangalia saa, ukipata makofi kati ya 15 na 20 ndani ya sekunde 15 hiyo inafaa, ni karibu na mwendo wa moyo wa mtu aliyekaa kwa amani. Fungu la pili ni za kulia. Ndiyo, za kulia, usizifute. La tatu za kuamsha mwili, zile ambazo hata ukikataa bega linatikisika. La nne za watoto. Nyimbo tano tano kila fungu zinatosha, ukiweka mia mbili utakaa unatafuta na vidole vinatetemeka.

Ongeza fungu moja la siri: nyimbo ambazo HAUTAKI kuzisikia saa hizi. Ule uliopigwa kwenye harusi ya ndugu yako aliyekufa, ule uliokuwa unalia kwenye redio ya duka siku mlipokimbia. Zijue kwa majina ili zisije zikakushtukiza.

Hatua ya 3: dakika za kwanza baada ya kishindo

Hapa hakuna wimbo unaoanza. Mwili umekaza, mdomo umekauka, akili haisikii maneno. Wewe anza na kuguna tu, hivi:

Kaa chini ao egama ukutani, mbali na dirisha. Funga mdomo, legeza taya na ulimi. Vuta hewa kwa pua polepole ukihesabu moja mpaka tatu. Toa kwa sauti ya mmmmm, ya chini, mpaka hewa iishe yenyewe, hesabu itafika sita ao saba. Weka kiganja kifuani usikie ile mtetemo. Rudia dakika kama tano. Kizunguzungu kikija acha, pumua kawaida, alafu uanze upya taratibu.

Kuna sababu ya mwili hapo, sio uchawi. Kuna mshipa wa fahamu mkubwa unaotoka kwenye ubongo unashuka mpaka kwenye moyo na tumbo, na pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia ule mshipa unapeleka amri moyo upunguze mbio. Ndiyo maana mtu akiimba sentensi ndefu anatulia kuliko mtu anayepiga kelele, kuimba ni kutoa hewa kwa mpango. Na kuguna kuna faida ingine, hakusikiki nje ya ukuta.

Kama kuna mtoto, mpakate mgongo wake ukiwa kifuani kwako, uso wake uangalie mbele, uendelee kuguna. Usimwambie nyamaza, usimwambie usiogope. Mtetemo ule utampitia mgongoni na baada ya muda utamsikia naye anaguna. Mtu mzima ambaye sauti imekataa kabisa kutoka, mpe kazi ya vidole, agonge paja la kulia, paja la kushoto, kulia, kushoto, polepole, we ukimgunia. Sauti yake itakuja baadaye.

Hatua ya 4: anzia pale moyo ulipo, usianzie pale unapotaka ufike

Hapa ndipo naona watu wengi wa nia nzuri wanaharibu. Familia imefika jana kutoka Sake ao Minova, wamelala chini ya turubai, wamepoteza mtu njiani, alafu anakuja mtu na spika kubwa anapiga wimbo wa shangwe, simameni tucheze, Mungu ni mwema. Wale watu watasimama kwa heshima tu. Ndani wanasikia kwamba huyu mtu hajaona kitu.

Watu wanaofanya kazi ya tiba ya musiki wamelijua hili tangu miaka ya 1940, kwamba unaanza na wimbo unaofanana na hali ya mtu, alafu unabadilisha kidogo kidogo mpaka umfikishe kwingine. Mtu ana huzuni unampa wa huzuni. Mtu ana hasira unampa ngoma nzito yenye mwendo mkali, anapiga, anapiga, alafu mwendo unapungua.

Na sisi Wakongo mbona tunayo hii tayari! Angalia rumba inavyojengwa. Inaanza pole, gita zinaongea, mwimbaji analalamika, sijui mpenzi kaondoka, sijui maisha magumu, mtu mzima anatikisa kichwa anakumbuka yake, alafu taratibu inafika sebene, ile sehemu ya gita za kuchezesha, na yule aliyekuwa amejiinamia unamkuta kiuno kimeanza chenyewe. Hakuna aliyemlazimisha. UNESCO waliiweka rumba kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2021, kwa Kongo zote mbili, na watu wakasherehekea sana, lakini mimi nadhani hata wenyewe hatuangalii vizuri hii kazi yake ya kumpandisha mtu ngazi.

Kwa vitendo: panga nyimbo nne mfululizo. Ya kwanza ifanane na ulivyo sasa hivi, hata kama ni ya giza. Ya pili iwe pole lakini maneno yake yana mtu wa pembeni, rafiki, mama, Mungu. Ya tatu iwe na mwendo kidogo. Ya nne ya kuamsha mwili. Ukiona machozi kwenye ya kwanza ao ya pili usikimbilie ya nne, rudia hapo hapo. Na kama leo umefika ya pili tu, basi leo ni ya pili, zima simu ulale.

Hatua ya 5: imbeni pamoja, hata nyinyi watatu

Kusikiliza ni kuzuri, kuimba mwenyewe ni kuzuri zaidi, kuimba na watu ndio mwisho. Watafiti wa chuo kikuu cha Gothenburg, Sweden, mwaka 2013 waliwapima wanakwaya mapigo ya moyo wakati wanaimba wakaona mioyo inapanda na kushuka pamoja, maana wanavuta hewa pamoja na kuitoa pamoja. Sasa fikiria mtu aliyekaa wiki mbili anaamka usiku peke yake akiwa na hofu yake peke yake, alafu mwili wake unapata kupumua sawa na wa wengine kumi. Hicho ndicho tunatafuta, sauti nzuri ni bahati tu.

Jinsi ya kuanzisha, nitaenda polepole hapa maana ndiko kuna kazi.

Tafuta kivuli, sio katikati ya njia. Saa nne ya asubuhi inafaa kuliko jioni, lakini uliza kwanza ratiba ya maji na ya ugawaji wa chakula, ukiweka mazoezi saa ya foleni ya maji utaimba na miti. Kaeni duara, msikae mistari kama shuleni, kwenye duara hakuna wa nyuma.

Anza na makofi bila maneno. Alafu nyimbo za kuanzisha na kuitikia, mmoja anatoa mstari, wengine wanajibu neno moja ao mawili yale yale. Faida yake mgeni aliyefika leo anaingia bila kujua wimbo. Nyimbo zenye beti sita za kukariri ziache mpaka baadaye.

Vyombo vipo. Kidumu cha njano cha lita 20 kikiwa kitupu kinatoa sauti kali, ukiweka maji kidogo kinakuwa kizito, viwili pamoja ni ngoma kamili. Chupa ya plastiki yenye vijiwe ni kayamba. Na kidumu kina kazi ingine ambayo nimeiona tena na tena: baba wa kwetu hawezi kulia mbele ya watu, hawezi pia kukaa kwenye duara la kina mama akaimba, atasimama mbali mikono mfukoni. Mpe kidumu apige. Usimwambie neno la kiwewe wala la stresi, mwambie mzee tunakosa mpigaji. Atakuja kesho kabla yako.

Muda nusu saa, isizidi dakika arobaini. Watu wana njaa na kuimba kunakula nguvu. Leningrad, mji wa Urusi, ilipozingirwa na jeshi la Ujerumani kwenye vita kuu ya pili, orkesta ya redio ya mji ilipokutana tena Machi 1942, mazoezi ya kwanza yalikatwa baada ya dakika 15 tu maana wapigaji hawakuwa na nguvu ya kupuliza. Wakaongezewa chakula, wakaendelea kidogo kidogo, na tarehe 9 Agosti mwaka huo huo wakaipiga simfoni ya saba ya Shostakovich yote, spika zikaitoa mpaka kwa adui. Kwa hiyo nyinyi pia, kama mtu anaomba kukaa, akae, aitikie akiwa chini. Uji ukipatikana, uji kwanza.

Dini. Kambi zetu zina Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu, na wengine. Ukifanya korali ya kanisa tu umeshafukuza nusu bila kusema. Acha kila upande ulete chake kwa zamu, leo kaswida na dufu, kesho wimbo wa kanisa, na katikati weka nyimbo ambazo sio za dini, za kulima, za kutwanga, za kupokea mgeni. Nyimbo za harusi uliza kwanza.

Kabila. Hapa mnajua wenyewe moto uliopo. Wiki za mwanzo bakini kwenye Kiswahili. Watu wakishazoeana, mtu mmoja afundishe wimbo wa kwao, Kihunde, Kinande, Kishi, Kinyarwanda, Kifuliiru, wengine wauimbe. Hiyo siku chagua vizuri. Mtu akisikia adui wake wa jana anahangaika kutamka maneno ya bibi yake kuna kitu kinalegea. Festivali ya Amani pale Goma, iliyoanza 2014 kwenye uwanja wa kolezhi Mwanga, ilijengwa juu ya wazo hilo hilo, vijana wa Kongo, Rwanda na Burundi wakacheza uwanja mmoja huku wakubwa hawasemeshani. Haikumaliza vita. Lakini waulize waliokuwa pale.

Na korali ikishika usiiache iwe ya kuimba tu. Wazee wetu wa pwani walikuwa na ngoma ya beni, ilianza kwenye pwani ya Kenya miaka ya 1890, na vita kuu ya kwanza ikaisambaza mpaka bara maana askari na wapagazi walitembea nayo. Watu wanakumbuka zile sare na tarumbeta, wanasahau kwamba vile vikundi vilikuwa vinazika wafu wao na kumsaidia mwenzao akiugua ao akifika mji mgeni. Basi na nyinyi, asiyeonekana mazoezini mara mbili atembelewe. Mara nyingi utakuta ndiye aliyekuwa anazama.

Mtu akifa kwenye kartiye (mtaa wenu), mazoezi yanasimama, mnaenda kwenye kilio, na kule mnaimba za kilio kama wenye msiba wanavyotaka, sio kama mlivyopanga.

Hatua ya 6: watoto

Kwa watoto kanuni ni moja, wimbo ule ule, saa ile ile, kila siku. Nyumba imebadilika, kitanda kimebadilika, pengine hata anayemlaza amebadilika, basi wimbo usibadilike. Kama mama yake hayupo, uliza ndugu alikuwa anamwimbia nini, hata mistari miwili. Imba polepole, na kila ukirudia punguza sauti mpaka ibaki kuguna. Ukisikia masasi katikati ya wimbo usikate ghafla, ukikata umemwambia ogopa. Punguza, malizia mstari, alafu fanyeni linalotakiwa kufanywa.

Mchana wapeni michezo ya makofi na ya kurukaruka yenye nyimbo, ile ya kusimama ghafla wimbo ukikatika. Inafundisha mwili kwamba kunyamaza ghafla sio lazima kuje na ubaya. Utaona watoto wanaanza kuigiza vita ndani ya mchezo, huyu askari, huyu anakimbia. Usiwapige wala kuwafokea, kaa karibu, na mchezo ukielekea kuisha we anzisha wimbo wa kuwarudisha nyumbani.

Hatua ya 7: tunga wa kwako

Hospitali ya Panzi pale Bukavu, ile ya daktari Mukwege, ina programu ya Healing in Harmony ambayo wamefanya na shirika la Make Music Matter. Wanaokuja pale wengi ni kina mama na wasichana waliofanyiwa ukatili vitani. Wanakaa kwa kikundi, pembeni kuna mwanasaikolojia na kuna prodyusa, wanaandika wimbo wao wenyewe, wanaufanyia mazoezi, wanaurekodi studio kabisa, na wakikubali unaweza kupigwa redioni. Na wanaitwa wasanii, hawaitwi wagonjwa. Hiyo peke yake nadhani ni robo ya dawa.

Wewe hauna studio, sawa. Fanya hivi. Mstari wa kwanza sema kitu kimoja cha kweli kilichotokea, kidogo, kinachoshikika, funguo, sufuria, mbuzi, kiatu. Usianze na neno vita, ni kubwa mno haliimbiki. Mstari wa pili sema usichokijua. Wa tatu mwite mtu. Wa nne omba kitu kimoja. Mfano nautunga hapa hapa:

Nyumba niliifunga, funguo niko nayo
Mlango sijui kama bado uko
Mama niimbie majina ya vijito vyote
Nisikosee njia ya kurudi

Tayari. Tafuta sauti ya wimbo wowote unaoujua uiazime, hakuna polisi wa melodi huku. Imba mara tatu peke yako, alafu ukiweza kwa mtu mmoja unayemwamini. Usitaje majina ya watu wala ya vikosi, na kama umerekodi kwa simu kumbuka hatua ya 1. Kuna wanaotunga alafu wanachana karatasi, nao wamefanya kazi yote.

Kitu kimoja kwa wanaoongoza: usimwombe mtu aimbe lile baya kuliko yote lililompata. Atalifikia mwenyewe ama hatalifikia. Ukimsukuma afungue alafu mazoezi yakaisha saa tano na kila mtu akaenda zake, umemwacha barabarani.

Hatua ya 8: jua pale musiki unapoumiza

Wimbo unaweza kumrudisha mtu mahali pa ubaya kwa sekunde. Utamwona macho yanaangalia mbali, mikono baridi, hajibu. Zima wimbo, usimguse bila kumuuliza, mwite jina, mwambie uko hapa, ni leo, hii ni turubai yetu, aseme vitu vitano anavyoviona. Wimbo ule utoe kwenye orodha, na usimlaumu kwamba ameharibu mazoezi.

Kuna kijana anayevaa iafoni asubuhi mpaka usiku, hali na wenzake, haongei. Huyo hasikilizi musiki tena, anajificha. Usimnyang'anye simu. Muombe akuwekee wewe wimbo mmoja, msikilize wote, uanzie hapo.

Alafu kuna nyimbo za kulipiza kisasi, na hizi zinanoga, tusidanganyane, zinapandisha damu na mtu anajisikia ana nguvu. Rwanda walishaliona hili kabla yetu. Nyimbo za Simon Bikindi, mwanamuziki mkubwa, zilikuwa zinapigwa kwenye redio ya chuki ya RTLM mwaka 1994 wakati watu wanauawa, na mahakama ya kimataifa ya kesi za Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimfunga miaka 15 mwezi wa Desemba 2008, kosa likiwa maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani akichochea Watutsi wauawe. Kwangu kipimo ni rahisi, wimbo ukiisha mwangalie jirani yako wa kabila lingine. Kama unamwona mdogo kuliko ulivyomwona kabla ya wimbo, huo wimbo toa.

Na musiki una mwisho wake. Mtu ambaye halali wiki kwa wiki, amekataa kula, amekataa kunyonyesha, anaongea habari ya kujiua, anasikia sauti zisizokuwepo, ao anakunywa tangu asubuhi, huyo haumtibu kwa korali. Mpeleke kituo cha afya ao kwa wanasaikolojia wa mashirika walio kwenye kambi, umsindikize wewe mwenyewe, usimpe maelekezo tu. Anayesema anataka kufa asibaki peke yake hata kwenda choo. Na kwenye korali nafasi yake mtunzie.

Kwa mlio mbali

Nairobi, Dar, Kampala, London, Chicago, nyinyi mnaoamka mnakuta ujumbe thelathini kwenye grupu la familia. Msitume vidio za mabomu, wao wanayaona bila vidio. Msitume link ya wimbo wa dakika saba, bando litoke wapi. Rekodi sauti yako mwenyewe ukiimba, nusu dakika, mstari mmoja wa wimbo wa nyumbani, hata kama unakosea, tuma kama voisi. Ni nyepesi, inaingia hata neti ikiwa ya kubipu, na wanaweza kuipiga tena bila intaneti. Kabla ya kutuma uliza, wako na chaji? Kuna kilio? Wanataka kusikia nini? Kuna shangazi atakujibu hataki wimbo, anataka tu umsimulie umekula nini leo. Basi msimulie.